Kuhifadhi: kitenzi kimoja, Hornaday wawili

Mtoto wa chuoni huhifadhi juzuu. Jamaa wanaomngoja ndugu aliye safarini huhifadhi maiti. Serikali nayo huhifadhi tembo wa Ruaha. Kitenzi ni kile kile, ingawa shughuli ya kwanza ni ya kichwa, ya pili ya jokofu na ya tatu ya bunduki na doria.

Sijapata kitenzi kinachomwenea zaidi William Temple Hornaday, mzaliwa wa Indiana mwaka 1854, mkurugenzi wa kwanza wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kuanzia 1896 hadi 1926. (Mwenyewe alichukia watu walipoikata jina na kuiita Zoo, aliona ni utovu wa heshima. Kwa “bustani ya wanyama” hangelalamika.)

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa wafu. Katika makumbusho ya taifa mjini Washington aliongoza wale wanaochuna ngozi, kuitia dawa na kuivika umbo hadi mnyama asimame kama yu hai. Kazi hii Kiswahili hakijaipa jina moja lililokubalika. Wapo wanaosema “kujaza wanyama”, jina ambalo lingemuudhi, maana aliitetea kazi yake kuwa ni sanaa.

Mwaka 1886 alikwenda Montana kuwatafuta nyati wa Marekani. Mamilioni walikwisha kuuawa kwa ajili ya ngozi, na tambarare zilikuwa zimejaa mifupa. Aliowapata aliwapiga risasi, ili ngozi zao zihifadhiwe kabla wawindaji wengine hawajawamaliza. Ndama mmoja, Sandy, alimleta Washington akiwa hai. Hakumaliza hata mwaka. Akachunwa, akaunganishwa na wengine watano ndani ya sanduku kubwa la kioo, watu wakaja kuwatazama kuanzia 1888. Sandy basi alihifadhiwa mara mbili, na kitenzi chetu hakisemi ni mara ipi alipokuwa akipumua.

Safari ile ilimbadilisha Hornaday. Mwaka 1905 alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha kuwanusuru nyati, Rais Theodore Roosevelt akiwa mwenyekiti wa heshima, na mwaka 1907 nyati 15 wa Bronx walipakiwa kwenye treni hadi Oklahoma wakaanzishe kundi jipya. Wale 15 walikuwa wakifugwa au wakihifadhiwa? Wote walikuwa ndani ya uzio, huko walikotoka na huko walikokwenda. Kwangu mimi, anayefugwa hufugwa kwa faida ya mfugaji. Anayehifadhiwa huhifadhiwa kwa faida yake mwenyewe, au angalau ya kizazi chake. Kwa kipimo hicho walihifadhiwa.

Kwa kipimo hicho hicho Hornaday anaanguka. Septemba 1906, katika nyumba ya nyani pale Bronx, alimwonyesha Ota Benga, Mbuti kutoka Kongo, pamoja na orangutani aitwaye Dohong. Kibao kilitaja umri wake, kimo, uzito, mtu aliyemleta, na kwamba huonyeshwa kila alasiri mwezi huo. Ndivyo vinavyoandikwa vibao vya wanyama. Wachungaji Weusi wa New York, wakiongozwa na James Gordon, walipinga mpaka akatolewa na kupelekwa kwenye makao ya yatima. Hornaday alijitetea kwamba lile lilikuwa onyesho la elimu ya makabila. Ota Benga alijiua Lynchburg, Virginia, mwaka 1916. Taasisi inayoiendesha bustani iliomba radhi mwaka 2020.

Mfasiri atakayeandika habari hizi kwa Kiswahili atavutwa na “aliwekwa”, neno lisilomgombeza mtu. Lakini huwekwa chungu juu ya mafiga, huwekwa kitabu rafuni. Ota Benga alifungiwa, na sentensi lazima imtaje aliyemfungia.