Mwalimu wa Jikoni Mbele ya Kamera

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika jamii zetu elimu ya upishi ilikuwa mikononi mwa mama, bibi na shangazi. Binti aliketi kando ya mafiga akatazama mkono wa mkubwa wake: tui zito litiwe wakati gani, moto upunguzwe lini, na wali upaliwe makaa vipi hata ukauke bila ya kuungua. Hapakuwa na kitabu wala mizani. Palikuwa na jicho, pua, na karipio la mara kwa mara.

Katika karne ya 20 ulimwengu ulimpata mwalimu mwingine wa elimu hiyo, ambaye hamjui mwanafunzi wake wala hawezi kumkaripia. Huyo ni mpishi wa televisheni. Yafaa tuichunguze historia yake, kwani wapo wanaomdhania kuwa ni mchekeshaji tu, na wapo wanaomwiga bila ya kumpima.

Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza matangazo ya kawaida ya televisheni mwezi wa Novemba 1936. Mwaka uliofuata likamweka mbele ya kamera Xavier Boulestin, Mfaransa aliyekuwa na mkahawa mjini London. Waliomwona walikuwa wachache, maana chombo chenyewe kilikuwa cha wenye nacho. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939 matangazo hayo yalisimamishwa, yakarejea mwezi wa Juni 1946.

Mwaka huo Philip Harben alianza kupika katika televisheni, na punde akafuatwa na Marguerite Patten, ambaye wakati wa vita aliitumikia Wizara ya Chakula akiwafundisha watu kupika kwa vile vichache vilivyopatikana. Tukumbuke hali ya wakati huo. Mgawo wa chakula Uingereza ulianza mwaka 1940, na haukwisha kabisa ila mwaka 1954. Hata mkate, ambao haukugawiwa kwa kadi wakati wa vita, uligawiwa kwa kadi kuanzia mwaka 1946 hadi 1948. Kwa hiyo somo la upishi halikuwa pambo. Mama aliyekuwa na yai moja na kipande cha siagi alihitaji kujua namna ya kuilisha nyumba yake.

Marekani kulikuwa na shibe, lakini kulikuwa na upungufu wa namna nyingine. Viwanda vilileta vyakula vya makopo na vilivyogandishwa, na mkono wa mpishi wa nyumbani ukaanza kusahau kazi. Hapo ndipo alipotokea Julia Child, aliyezaliwa California mwaka 1912. Hakuwa mpishi tangu utotoni. Alianza kujifunza upishi kwa dhati mjini Paris, akiwa amekwisha pita umri wa miaka 35. Mwaka 1961 yeye na wanawake wawili wa Kifaransa, Simone Beck na Louisette Bertholle, walitoa kitabu kikubwa cha upishi wa Kifaransa. Alipoalikwa kukizungumzia katika televisheni ya Boston, alipika kimanda cha mayai papo hapo, na watazamaji wakaomba wamwone tena. Kipindi chake kilianza mwezi wa Februari 1963, kikaendelea kwa miaka kumi.

Mama huyu alikuwa mrefu kupita kiasi, na sauti yake ilipanda na kushuka kama ya mtu aliyeshikwa na furaha. Sifa hizo zilimjulisha kwa watu, lakini sizo zilizomfanya kuwa mwalimu. Siku moja alijaribu kugeuza viazi katika kikaango kwa kuvirusha juu. Baadhi vikaangukia juu ya jiko. Hakuona haya. Alivizoa, akavirudisha kikaangoni, akawaeleza watazamaji kwamba alikosa ujasiri wakati wa kurusha, na kwamba mtu akiwa peke yake jikoni hapana wa kumwona. Tunaona kuwa katika tendo hilo dogo imo siri ya ualimu wote. Mwanafunzi anayemwona mwalimu wake akikosea na kusahihisha, huthubutu naye kujaribu. Anayeonyeshwa ukamilifu mtupu huishia kupiga makofi.

Jambo la pili tunalifunza kwa Madhur Jaffrey. Huyu alizaliwa Delhi mwaka 1933, akaenda London kusoma sanaa ya maigizo, na huko akaona njaa ya chakula cha kwao. Hakujua kupika. Mama yake alimfundisha kwa barua, na yeye akafuata maagizo hayo sufuria kwa sufuria. Mwaka 1982 BBC ilimpa kipindi cha mapishi ya Kihindi. Waingereza walikuwa wameitawala Bara Hindi hadi mwaka 1947, na wengi wao walikuwa wakiviita vyakula vyake vyote kwa jina moja, wakivipika kwa unga mmoja wa bizari uliotiwa koponi. Jaffrey aliwaonyesha kwamba kila jimbo lina mapishi yake, na kila kiungo kina wakati wake wa kutiwa chunguni. Hivyo mtoto wa nchi iliyotawaliwa alisimama mbele ya waliotawala, akalisemea jungu la mama yake kwa heshima na kwa ujuzi.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1990 Uingereza ilianzisha mashindano ya MasterChef, na mwaka 1993 Japani ikaanzisha Iron Chef. Saa, mahakimu, ushindi na machozi vikachukua nafasi ya somo. Hatukatai kwamba mashindano hayo yamewapa vijana wengi moyo wa kuiheshimu kazi ya upishi. Lakini mtu aweza kuyatazama mwaka mzima, akayajua majina ya washindi wote, na bado akashindwa kuchemsha maharagwe yakaiva.

Na kwetu je? Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara iliipata mwaka 1994. Lakini somo la chakula halikuingoja. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatenda. Picha haikuwako, ila mwanafunzi alikuwako.

Tusidhani kwamba elimu hii ni ya anasa. Muhogo mchungu una sumu, na wazee wetu walijua kuuondolea sumu hiyo kwa kuuloweka, kuuvundika na kuuanika hata ukauke barabara. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu walikula mihogo ambayo haikutayarishwa hivyo kwa ukamilifu, na wengine wakapatwa na konzo, maradhi yanayopoozesha miguu daima. Njaa iliwanyima siku za kungoja. Basi tujue kwamba hatua moja ya upishi ikirukwa, iwe kwa haraka au kwa kusahau, gharama yake yaweza kuwa miguu ya mtoto.

Leo wapishi wetu wamo katika televisheni na katika simu za mkononi. Tuwapokee, lakini tuwapime kwa maswali matatu. Je, mtazamaji ameweza kupika baada ya kuwatazama? Je, wameonyesha kosa na dawa yake? Je, wamelitaja jungu lilikotoka, na mkono uliowafunza?

Nanyi wanafunzi, msingoje kamera. Nendeni kwa bibi zenu na kalamu na daftari. Andikeni namna kisamvu kinavyotwangwa, mlenda unavyopikwa, na muhogo unavyoanikwa. Andikeni vipimo, majina na sababu. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwa kwa lipi, ikiwa ngoma ya kwao haijui?