Goma–Kinshasa, safari ya anga

Kwa mtu wa Bihambwe, katika Masisi, safari ya kwenda Kinshasa ilianzia barabarani: aliteremka hadi Sake, kisha Goma, na mvua ikinyesha, tope liliamua saa ya kufika. Kutoka uwanja wa ndege wa Goma hadi N'djili, Kinshasa, ni takriban kilomita 1,560 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti ilizimaliza kwa saa mbili na ushei.

Saa za miji hii hupishana. Goma iko saa moja mbele, hivyo aliyeondoka saa nne asubuhi alitua Kinshasa saa tano na ushei kwa saa za huko. Akirudi, saa hiyo ilimpotea.

Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ya Goma. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, uwanja ulifungwa, na wasafiri wakalazimika kuvuka mpaka kutafuta ndege Kigali. Umbali wa angani haukubadilika. Uliorefuka ni mwendo wa watu, na hilo ndilo linalouma.