Damu Isiyoganda
Twasoma kwamba mwezi wa Februari, 1933, mkulima mmoja wa Wisconsin, Marekani, alisafiri katika theluji, akamletea mtaalamu Karl Paul Link mtamba aliyekufa na ndoo ya maziwa iliyotiwa damu isiyoganda. Ng'ombe wake walikuwa wamekula majani makavu yaliyoingia ukungu. Mwaka 1939 Link na wenzake wakaipata sumu ile. Katika jamii yake ikatoka warfarini: mwaka 1948 sumu ya panya, na tangu 1954 dawa ya watu ambao damu yao huganda mishipani. Ikizidi, mtu huvuja damu, nayo vitamini K hutumiwa kuishinda. Basi, ndugu wasomaji, anywaye dawa hiyo siku nyingi asijiongezee, wala asiache kupimwa damu. Kati ya sumu na dawa mpaka ni kipimo.