Itale na Mkono wa Mtu

Msomaji, ukisafiri kwa barabara itokayo Kisumu kwenda Bondo, utayaona majabali ya Kit Mikayi yamepandana, moja juu ya jingine, kana kwamba yamepangwa na mkono wa jitu. Ukivuka ziwa hata Mwanza, utayakuta mengine ya ukoo huo huo, yamesimama majini na vilimani katikati ya nyumba za watu. Hilo ndilo jiwe la itale, ambalo wengi siku hizi huliita granaiti. Lilizaliwa chini sana ya ardhi, pale mwamba ulioyeyuka kwa moto ulipopoa polepole mno, hata chembe zake zikapata nafasi ya kukua na kushikamana barabara. Likivunjwa utaziona chembe hizo kwa macho yako: nyeupe au nyekundu, nyeusi za ulanga, na nyingine ngumu kupita zote, mfano wa vigae vya kioo, ambazo wataalamu huziita kwatzi. Kwatzi hukwaruza chuma cha kawaida. Chuma hicho hakiwezi kuikwaruza kwatzi.

Waashi wetu wa pwani hawakuwa na shida ya namna hiyo. Wao walichukua matumbawe kutoka baharini, wakayachonga yangali mabichi na laini, kisha yakakauka hewani yakawa magumu. Ndiyo sababu mihirabu na milango ya Gedi na Kilwa ina nakshi nzuri hivyo. Lakini itale haina siku ya ulaini. Jiulize basi: mtu asiye na mashine, tena pengine asiye na chuma hata kidogo, alilikataje jiwe kama hili?

Jibu la kwanza na tulitafute Aswan, katika Misri ya kusini. Hapo pana chimbo la kale la itale nyekundu, na ndani yake umelala mnara mmoja wa jiwe moja ambao haukusimamishwa kamwe. Urefu wake wapata mita 42, na lau ungalitolewa mzima, uzito wake ungalizidi tani 1,000. Wengi hudhani ulianzwa zama za Malkia Hatshepsut, yaani katika karne ya 15 K.K. Mafundi walikuwa wamekwisha kuuchimbia mifereji pande zote, wakabakiza kuukata chini tu, ndipo nyufa zikaonekana mwilini mwake. Walijaribu kuupunguza ili wapate mnara mdogo zaidi usio na ufa, wasifaulu, wakauacha. Kwao ilikuwa hasara kubwa bila shaka. Kwetu sisi ni bahati, kwa maana kazi iliyokamilika huficha njia yake, na kazi iliyoachwa nusu hueleza kila kitu.

Wamisri wa wakati ule walikuwa na shaba na shaba nyeusi, na patasi ya madini hayo ikigongwa juu ya itale hujikunja ncha papo hapo. Walichotumia ni mawe mengine. Wakati Reginald Engelbach aliposafisha mahali hapo, mnamo 1921 na 1922, alikuta mabonge mengi ya jiwe jeusi liitwalo dolerati, yenye umbo la mviringo, na uzito wa kilo tano hivi kila moja. Mfanyakazi alilishika bonge kwa mikono miwili, akaliinua, akalishusha juu ya itale. Akaliinua tena, akalishusha tena. Jiwe halikatiki kwa namna hiyo, bali husagika likawa unga. Mpaka leo kuta za mifereji ile zina mabonde mabonde, kila bonde likiwa ni kituo cha mtu mmoja aliyechuchumaa na bonge lake. Iko pia mistari ya rangi nyekundu ambayo wasimamizi waliipiga ili kupima kazi ya kila mtu.

Engelbach hakutosheka kutazama tu. Alilitwaa bonge akaanza kupiga mwenyewe, na baada ya saa moja alikuwa ameshuka milimita tano hivi katika eneo dogo la futi moja ya mraba. Milimita tano! Fikiri sasa mfereji wenye kina cha mita kadhaa, ukizunguka jiwe la mita 42. Hata hivyo tusidhani kwamba kazi hiyo ilichukua umri wa mtu. Hatshepsut alisimamisha minara mingine huko Karnak, mmoja wao ukiwa bado wima, na urefu wake wapata mita 29. Akaamuru iandikwe juu yake kwamba kazi ya kuikata mlimani ilichukua miezi saba. Watu wengi, wamepangwa vizuri na kulishwa, waweza kufanya katika miezi saba jambo ambalo sisi tuketio vitini huliona muujiza. Ninyi mnaopenda kusikia kwamba mambo ya kale yalifanywa na majini au na wageni kutoka nyota nyingine, nawasihi mkumbuke lile bonge la kilo tano.

Yafaa hapa nisahihishe hadithi moja isimuliwayo sana. Husemwa kwamba Wamisri walitoboa vishimo mwambani, wakatia kabari za mti mkavu, wakazimwagia maji, na mti ulipovimba jiwe likapasuka. Vishimo vya kabari vipo kweli Aswan, lakini wataalamu walioyachunguza machimbo hayo wamevihesabu kuwa ni vya zama za baadaye sana, za Wayunani na Warumi, ambao walikuwa na kabari za chuma. Hadithi ya mti na maji ni tamu, lakini utamu si ushahidi.

Tuondoke sasa Misri, tushuke kusini hata nchi ambayo jina lake lenyewe latokana na mawe. Zimbabwe, kwa lugha ya Kishona, ni nyumba za mawe. Mji wa Zimbabwe Kuu ulijengwa kati ya karne ya 11 na ya 15, na ukuta wa nje wa boma lake kubwa una mzunguko wa mita 250 hivi, na mahali pengine kimo chake hufika mita 11. Kati ya jiwe na jiwe hakuna chokaa wala udongo. Yote ni itale, na yote ilikatwa kwa mikono.

Mafundi wa huko walikuwa na chuma, lakini akili yao haikuwa katika chuma. Walilisoma jiwe. Vilima vya itale vya nchi ile huchomwa na jua mchana na kupoa usiku, na kwa muda wa miaka mingi ngozi ya mwamba huachana na mwili wake katika matabaka, kama maganda ya kitunguu. Waashi walilisaidia jua. Waliwasha moto juu ya mwamba, na ulipopata joto kali wakaumwagia maji baridi. Tabaka likalia, likafumuka. Unene wa tabaka moja ulikuwa karibu sawa kila mahali, kwa hiyo bamba likigongwa kwa nyundo lilitoa vipande vinavyokaribiana ukubwa, vyenye sura mbili bapa tangu kuzaliwa kwake. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchonga uso mmoja, ule utakaotazama nje. Ukilinganisha kuta za mwanzo na za baadaye utaona jinsi mkono wa fundi ulivyojifunza: zile za mwanzo safu zake hupanda na kushuka, mawe yake hayalingani; za baadaye zimenyooka, na kila safu imerudi nyuma kidogo kuliko ile iliyo chini yake, hata ukuta ukaegemea ndani na kujishikilia wenyewe. Juu kabisa wakaweka pambo la mawe yaliyopangwa mshazari, kama meno ya msumeno. Pambo hilo halina kazi yoyote ya kuimarisha ukuta. Waliliweka kwa sababu lilipendeza.

Ajabu ni kwamba kwa muda mrefu wageni walikataa kuamini kwamba Waafrika ndio waliofanya kazi hii. Mjerumani Karl Mauch alifika huko mwaka wa 1871. Alikata kipande cha mti uliokuwa juu ya mlango, akaona rangi na harufu yake yafanana na mti wa kalamu yake ya risasi, ambayo ilitengenezwa kwa mwerezi. Basi akahukumu: huu ni mwerezi wa Lebanoni, umeletwa na Wafoinike, na nyumba hii ni ya Malkia wa Sheba! Mti wenyewe ulikuwa wa nchi ile ile. Hivyo ndivyo historia ya taifa zima ilivyopimwa kwa kalamu. Mwaka wa 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema wazi kwamba kazi ni ya Waafrika, na mwaka wa 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba tena, kwa uangalifu mkubwa zaidi, akasema vivyo hivyo. Haikutosha. Serikali ya walowezi wa Rhodesia haikupenda maneno hayo, na Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale huko, aliiacha nchi hiyo mwaka wa 1970 kwa sababu hakukubali kuificha kweli. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1980, nchi ilipopata uhuru, ikajiita kwa jina la kuta zile.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna kiungo chetu katika habari hii. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu imepatikana sarafu ya shaba ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14. Dhahabu ya bara ilishuka Sofala, ikapanda majahazi hadi Kilwa, na shanga na vyombo vya ng'ambo vikarudi. Basi waashi wa itale na waashi wa matumbawe walikuwa, kwa namna fulani, wanakula kutoka sinia moja.

Njia ya moto haikufa. Katika sehemu za Magharibi ya Kenya, kama vile Maragoli na Bunyore, na huko Mwanza pia, wapo wavunja mawe ambao bado hulichoma jabali kwanza, ndipo wakaligonga kwa nyundo kubwa, mpaka likawa mawe ya msingi na kokoto. Mwanafunzi apitaye akawaona, asipite upesi.

Njia ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu inahitaji sikio. Ilienea sana katika karne ya 19, huko Marekani ya mashariki na katika machimbo ya Uskoti. Fundi hutoboa mstari wa matundu membamba, akilipiga tindo kwa nyundo na kulizungusha kidogo baada ya kila pigo. Katika kila tundu hutia vipande viwili vya chuma, mfano wa mabawa, na katikati yake kabari. Kisha huzigonga kabari kwa zamu, moja baada ya nyingine, kwa pigo lile lile, bila haraka. Kadiri jiwe linavyobanwa, sauti ya kabari hupanda, kama uzi wa udi unapokazwa. Fundi stadi huacha hapo, akangoja. Baada ya kitambo husikika mlio mdogo, na ufa umekwisha kutoka tundu hadi tundu, umenyooka. Kwa nje itale huonekana sawa pande zote, lakini ina upande mmoja upasukao kwa urahisi, wa pili kwa taabu kidogo, na wa tatu usiopenda kabisa; na asiyejua pande hizo hupoteza jiwe na siku yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaja nyundo zinazoendeshwa na hewa. Katika mji wa Barre, huko Vermont, Marekani, walikofanya kazi wachongaji wengi kutoka Italia na Uskoti, nyundo hizo ziliharakisha kazi mara nyingi. Lakini zilitoa vumbi laini kuliko lile la tindo na mkono, na vumbi la kwatzi likiingia mapafuni halitoki. Wanaume waliokuwa na nguvu wakaanza kukohoa, wakafa kabla ya uzee, wakaacha wajane wengi. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1930 ndipo mashine za kufyonza vumbi zilipowekwa katika karakana zote, na vifo vikapungua. Katika makumbusho ya mawe mazuri ya itale ambayo miji mikubwa hujivunia, hesabu hiyo haikuandikwa popote.

Leo itale hukatwa kwa misumeno yenye almasi na kwa waya. Hata hivyo wapo watu, walimu, makarani, wastaafu, wanaoichonga kwa mkono kwa kujifurahisha tu. Hununua kabari chache, tindo zenye ncha za madini magumu, nyundo ya kilo moja, na pembe ya kupimia. Huanza kwa kuchonga ukanda mwembamba kandokando ya uso mmoja, huweka vijiti viwili vilivyonyooka juu ya kingo mbili na kuchungulia kama vinalingana, kisha hupunguza kilima kilichobaki katikati, kwanza kwa tindo ya ncha, halafu kwa nyundo yenye meno. Uso mmoja wa jiwe la kukalia waweza kumchukua mtu mwisho wa juma mzima. Huvaa miwani na kizuia vumbi, huketi mahali ambapo upepo humtoka mgongoni, hulilowesha jiwe kila mara, wala nguo zake za kazi haziingizi nyumbani. Akimaliza uso wa kwanza huligeuza jiwe, kwa mtaimbo na vigogo, kwa maana bado kuna tano.