Kushika na Kuachia: Dhahabu ya Kilo na Zebaki Yake

Mwaka 1903 watafiti wawili wa madini kutoka Australia, Hannan na O'Brien, walikuwa wakiosha mchanga wa vijito vya Kilo, katika nchi ya Wanyali, kaskazini-magharibi mwa mahali ambapo leo pana mji wa Bunia. Waliona punje za njano chini ya karai. Kongo wakati huo ilikuwa bado mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na miaka miwili baadaye, 1905, uchimbaji ulianza. Baada ya muda likafuata eneo la Moto, mbali zaidi kaskazini, na majina mawili yakaunganishwa kuwa moja ambalo wazee wa mkoa wa Ituri hulitaja mpaka leo kana kwamba ni jina la ukoo: Kilo-Moto.

Kazi ya mwanzo ilikuwa ya maji na misuli. Wanaume waliletwa kupitia machifu wao, wengi bila hiari, wakahamisha mito, wakakata kingo, wakamwaga kokoto kwenye mifereji ya mbao. Maji yalifanya sehemu kubwa ya kazi kwa sababu dhahabu ni nzito kuliko mchanga wa kwatzi karibu mara saba: mchanga huenda na mkondo, dhahabu hubaki. Lakini si yote. Dhahabu iliyosagika kama unga huelea na tope, huteleza juu ya kidole, hupotea. Unga huo ndio ulioileta zebaki katika habari hii, hapa Ituri kama mahali pengi duniani palipochimbwa dhahabu tangu zamani.

Tuitazame zebaki polepole, maana mengi yatakayofuata yanatokana na tabia yake moja. Ukiimwaga zebaki kwenye tope lenye dhahabu, haigusi mchanga, haigusi udongo, wala mti. Huikimbilia dhahabu. Huilowesha kama maji yanavyolowesha nguo, kisha punje hukusanyika katika donge la kijivu, laini kama ugali uliopoa. Mchimbaji hulikamua ndani ya kitambaa mpaka zebaki ya ziada itoke kwa matone, akabaki na kidonge ambacho kwa kawaida karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Halafu hukiweka motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Kwa hiyo mbabula ya kawaida, jiko lile lile la makaa ambalo jioni litapika sombe, hutosha kuwatenganisha hao wawili. Zebaki huondoka ikiwa mvuke, na dhahabu hubaki imejaa vitundu kama sifongo.

Kifungo kati ya zebaki na dhahabu ni dhaifu. Metali hizi mbili huchanganya elektroni zao kwa ujirani tu, na moto wa kadiri huuvunja ujirani huo. Kama kifungo kingekuwa dhaifu kuliko hivyo, zebaki isingeweza kuikamata dhahabu matopeni. Kama kingekuwa na nguvu zaidi, mtu mwenye jiko la makaa asingeweza kuirudisha. Mimi naona hapo ndipo historia ya Kilo-Moto ilipojificha: nguvu ya kifungo ndiyo iliyoamua nani anaweza kuwa na dhahabu.

Wakubwa wa kampuni walilielewa hilo bila kusoma kemia. Kampuni ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926, na katika eneo lake mwenyeji hakuwa na haki ya kuchimba wala kuuza kwa faida yake. Kukutwa na dhahabu ghafi bila kibali kulikuwa kosa. Mkaa haukuhitaji uhandisi, zebaki ilitosha kubebwa ndani ya chupa ndogo, na dhahabu yenye thamani ya mishahara ya miezi ilienea katika ngumi. Kitu chenye kifungo kilegevu kiasi hicho kinalindwa kwa askari na upekuzi.

Ulaya ilikuwa tayari imepata kifungo cha aina nyingine. Mswidi Carl Wilhelm Scheele alikuwa ameona katika karne ya 18 kwamba sianidi huyeyusha dhahabu, lakini migodini hakuna aliyejua la kufanya nayo. Mwaka 1887 huko Glasgow, mkemia John Stewart MacArthur, akishirikiana na madaktari wawili ndugu, Robert na William Forrest, aliandikisha hataza ya njia ya kuitumia viwandani. Miaka michache baadaye migodi ya Afrika Kusini ilikuwa imejaa matangi ya sianidi. Ndani ya tangi, oksijeni ya hewa huing'oa elektroni moja kutoka kwenye atomu ya dhahabu, na papo hapo sianidi mbili huidaka atomu hiyo, moja upande huu na moja upande ule, zote katika mstari mmoja. Wanakemia hukiita kitu kinachoishika metali namna hiyo ligandi. Mshiko huo una nguvu ya kutisha: namba wanayoitumia kuupima ni moja yenye sifuri 38 nyuma yake. Mbabula haiwezi kufanya lolote hapo.

Basi anayetumia sianidi lazima awe na matangi, umeme, pampu, wakemia, uzio na walinzi. Lazima awe kampuni. Katika eneo la zamani la Moto, ambalo sasa liko mkoa wa Haut-Uele, mgodi wa Kibali ulimwaga dhahabu yake ya kwanza Septemba 2013; Randgold na AngloGold Ashanti zilikuwa na asilimia 45 kila moja, na asilimia 10 ilikuwa ya kampuni ya serikali, SOKIMO. Hakuna mtoto wa mji jirani wa Watsa anayeweza kuiga kazi ya Kibali nyuma ya nyumba yao, hata akiwa na akili ya kumpita mhandisi.

Hata hivyo sianidi ilikuwa na tatizo lake: ukishaikamata dhahabu kwa nguvu hiyo, unaitoaje? Zamani walitumia unga wa zinki, ambao huchukua sianidi na kuiacha dhahabu ikianguka. Viwanda vya siku hizi hutumia makaa ya pekee, mara nyingi ya vifuu vya nazi, yaliyochomwa hadi yakawa na vitundu visivyohesabika. Dhahabu pamoja na sianidi zake hujibandika juu ya makaa, na kubandika huko ni kwepesi. Maji ya moto yenye magadi makali huibandua. Kiwanda kinachojivunia mshiko mkali kuliko yote kinaendeshwa, katika hatua moja, na mshiko ulegevu.

Wanakemia wa maabara walichelewa kuuthamini ulegevu huo. Kwa miongo mingi heshima ilikwenda kwa anayeunda kitu imara. Kisha katika miaka ya 1970 na 1980, huko Munich, Wolfgang Beck na wenzake walitengeneza kationi za molibdeni, yaani metali ya molibdeni yenye chaji chanya, ikiwa imeshikwa na duara la kaboni tano na molekuli tatu za kaboni monoksidi, huku nafasi moja ikiachwa karibu wazi. Nafasi hiyo ilikaliwa na ligandi isiyopenda kushika, kama vile ioni ya boroni na florini, ambayo huondoka mara tu mgeni mwingine anapobisha. Metali iliyokaa hivyo ina njaa. Hupokea vitu ambavyo metali iliyoshiba isingevigusa. Karibu wakati huo huo Gregory Kubas, katika maabara ya Los Alamos huko Marekani, alionyesha jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani: molekuli nzima ya haidrojeni, bila kuvunjika, imeegemea molibdeni na tangsteni. Alilichapisha mwaka 1984. Haidrojeni hiyo hutoka hewa ikinyonywa na hurudi gesi ikirudishwa. Kiti kinachoondokeka kwa urahisi ndicho kinachofanya kazi ya uchocheo, yaani kuharakisha mabadiliko ya kemikali, iwezekane, kwa sababu kazi hiyo ni kupokea na kuruhusu, mara elfu kwa elfu.

Turudi Ituri. Mwaka 1966 kampuni ya kikoloni ilikuwa imegeuzwa kuwa shirika la serikali, OKIMO. Shirika lilichoka: mashine zilizeeka, mishahara ilichelewa. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu ilibadilisha sheria na kumruhusu raia kuchimba kwa mkono wake mwenyewe. Watu wakaja kutoka pande zote, wakaingia mashimo ya zamani, wakaponda miamba ya kwatzi kwa nyundo. Mongbwalu, kama kilomita 80 kutoka Bunia, ukawa mji wa mashimo, na mkuu wa shimo akapewa cheo cha kizungu cha mkurugenzi, PDG. Dhahabu ya mwamba uliosagwa ni unga, na pamoja na unga ilirudi zebaki.

Kiwanda cha sianidi hakibebeki. Karai na chupa ya zebaki hubebeka. Vita vilipoingia, kati ya 1998 na 2003, wakati jeshi la Uganda lilipokalia Ituri na vikundi vya silaha kugombania vilima, mwenye bunduki hakuhitaji kuwasha mtambo wowote. Alihitaji kukaa njiani na kuchukua fungu. Mongbwalu ulibadilisha mikono tena na tena, na ripoti ya Human Rights Watch ya 2005 ilieleza mauaji yaliyoandamana na dhahabu hiyo. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Kati ya hizo milioni 60 zilikuwa kwa maliasili. Dhahabu iliingia kwenye hesabu ya mahakama. Zebaki iliyokwenda na mvuke haikuwa kwenye hesabu.

Mvuke huo haupotei. Hupoa, hushuka na mvua, huingia kwenye matope ya vijito. Na hapo kunatokea jambo ambalo wataalamu wa Sweden, Jensen na Jernelöv, walilichapisha mwaka 1969: bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni huichukua zebaki na kuivisha kikundi kidogo cha kaboni kiitwacho methili. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Oak Ridge, Marekani, walizitambua jeni mbili zinazohusika. Kinachobeba methili ndani ya bakteria ni ndugu wa vitamini B12, nacho hukaa na kobalti, metali ile ile inayochimbwa kusini mwa nchi hii. Kifungo cha kobalti na kaboni ni hafifu; huiachia methili kwa mwingine bila ugomvi. Zebaki ndiye mwingine huyo.

Kilichozaliwa ni kationi ya methili-zebaki, yenye chaji chanya kama zile molibdeni za Munich. Kaboni yake haiachii majini. Lakini upande wa pili hutafuta salfa, na salfa iko ndani ya protini za kila kiumbe hai. Mdenmark William Zeise, ambaye katika miaka ya 1820 alitengeneza chumvi ya platini yenye ethilini, moja ya misombo ya kwanza ya metali na kaboni, ndiye aliyekutana katika miaka ya 1830 na kundi la vitu vyenye salfa akaviita merkaptani, kwa Kilatini wakamataji wa zebaki. Jina hilo lilikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Methili-zebaki hushika salfa kwa nguvu, lakini haikai. Huruka kutoka protini moja hadi nyingine kwa kasi isiyopimika kwa jicho. Kwa wepesi huo husafiri na damu, hupenya hata ubongo, hujikusanya zaidi kwa kila samaki mkubwa anayemla mdogo. Mji wa Minamata, Japani, uliona mwaka 1956 sumu hiyo ikiwaangusha watu waliokula samaki, na mkataba uliopewa jina lake, wa kupunguza zebaki, ulianza kufanya kazi Agosti 2017.

Vijito vya Kilo vinateremka kwenye mto Ituri, kisha kwenye mto Kongo. Samaki wengi wanaouzwa Bunia hutoka Ziwa Albert, ng'ambo ya milima, kwenye maji yaendayo Nile. Mabonde haya mawili yamepakana juu ya mgongo wa vilima, na tope la Mongbwalu haliendi ziwani. Si kitulizo kwa wanaovua mto Ituri wenyewe.

Na si mto peke yake. Dhahabu ya sifongo iliyotoka shimoni bado ina zebaki kidogo, asilimia kadhaa. Mnunuzi wa mjini anajua hilo. Kabla ya kupima kwa mizani yenye njiti za kiberiti na sarafu za zamani, huiweka tena motoni ili isimwibie uzito. Huko Bunia moto huo huwashwa chumbani, katika duka lililo karibu na Boulevard de la Libération, huku muuzaji akisubiri kwenye benchi na mtoto akiwa amelala mgongoni mwa mamake. Zebaki haina harufu. Kipimo kikishuka, muuzaji hulalamika, na mnunuzi humwonyesha mwali. Dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la barabara.