Weupe wa Karatasi na Maji ya Ziwa

Walimu tumezoea kusifu daftari lililo jeupe pe. Yafaa basi tujiulize weupe huo umetoka wapi, na umegharimu nini.

Tangu zama za Cai Lun, mwaka 105, Wachina walitengeneza karatasi kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Huko Ulaya nguo zilianikwa juani majuma mengi ili zitakate. Mwaka 1785 Mfaransa Berthollet alionyesha kwamba klorini huifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Na mwaka 1799 Tennant wa Uskoti akapata hati ya kutengeneza unga wake. Watengenezaji wa karatasi wakaufuata. Katika karne ya 19 miti ilipochukua mahali pa matambara, klorini ilizidi kutumika, kwa kuwa mti una lignini nyingi, yaani gundi inayoshikamanisha nyuzi zake na kuutia rangi rojo.

Hasara ilidhihirika katika miaka ya 1980, sumu ya dioksini ilipogunduliwa katika samaki waliovuliwa chini ya viwanda vya karatasi. Ndipo Waswidi na wengineo wakageukia oksijeni, ozoni na peroksidi ya hidrojeni.

Mabua ya ngano na makapi ya miwa yana lignini pungufu kuliko mti, hivyo hung'arishwa kwa dawa nyepesi. Lakini mabua yana silika nyingi, nayo huzuia maji meusi ya kupikia yasisafishwe na kutumiwa tena. Huko China viwanda vidogo viliyamwaga mtoni, hata mwaka 1996 serikali ikaamuru vingi vifungwe. Kung'arisha kwa upole hakutoshi, ikiwa maji ya kupikia yanaachwa yaende zake.

Sisi wa Gatete na Rumonge tumezungukwa na michikichi. Mikungu iliyokwisha kukwanyuliwa chikichi ina nyuzi zifaazo karatasi, na Malaysia wamekwisha kuijaribu. Lakini Tanganyika ni ziwa lenye kina cha mita 1,470, na mto wa kulitoa maji ni mmoja tu, Lukuga. Kiingiacho humo hukaa, nasi tunakula dagaa na migebuka yake.

Siku kiwanda kitakapotajwa pwani hii, tusianze kuuliza karatasi yake itakuwa nyeupe kiasi gani. Tuulize kwanza maji yake yatakwenda wapi. Daftari la rangi ya majani makavu laandikika vilevile.