Safu ya Lugha: Kuseti, kutengeneza au kubadili mipangilio?

“Nisaidie kuseti sataranji,” husema mwenye kompyuta ndogo ya mchezo huo, ile ya kubebeka. Msaidizi huanza kupanga kete ubaoni. Si kosa lake: seti, kwa wengi, ni vitu vya pamoja, viwe vikombe au kete.

Mkopo huo wa Kiingereza hauna kazi hapa. Panga imezaa pangilia, nayo ikazaa mpangilio; wingi wake, mipangilio, umeshazoeleka kwenye simu za Kiswahili. Basi mtu hubadili mipangilio: kiwango cha ugumu, muda wa kufikiri, sauti. Kompyuta ya sataranji ya Chess Challenger ya kwanza ya kampuni ya Fidelity, iliyotoka Marekani mwaka 1977, ilikuwa na kiwango kimoja tu, kwa hiyo upande huo hapakuwa na la kubadili! Matoleo ya baadaye yakaleta vitatu, kisha kumi.

Wengine husema kutengeneza. Lakini kinachotengenezwa kimeharibika, au hakikuwapo kabisa. Kurekebisha kuna nafuu, ila kunafaa zaidi kitu kikienda kombo, kama saa inayochelewa. Mashine inayomshinda mwenyewe kila jioni haina kasoro, ipunguzwe kiwango.